Kabati la randa: shajara ya mradi, Nkuhungu, Dodoma

Juni, mwanzoni

Hali ilivyo kabla ya kukata mbao yoyote: nina randa sita, zana za kulainishia mbao, na hakuna hata moja yenye mahali pake. Mbili ziko juu ya benchi, moja imo kwenye ndoo pamoja na nyundo, na tatu zimefungwa vitambaa vyenye mafuta ndani ya sanduku la bati chini ya benchi. Utaratibu wa vitambaa na mafuta nimeurithi kwa mjomba wangu wa Tanga, pamoja na zana zenyewe. Kule una maana kabisa. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na ukiacha kisu cha randa wazi usiku mmoja, asubuhi unakikuta na madoa ya kahawia.

Hapa Dodoma mambo ni mengine. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki adui anayeingia bandani ni upepo wa mashariki na vumbi lake. Na banda langu, kwa bahati mbaya, mlango wake unatazama mashariki.

Leo nimefungua lile sanduku nikatoa randa ya chuma namba 5 (namba ni ya ukubwa). Nimepitisha kidole ubavuni: mafuta yamekuwa tope laini jekundu. Nimelisugua kati ya kidole gumba na cha shahada nikasikia chembe zinakwaruzana. Udongo wa huku umetokana na matale, yale mawe yanayochomoza kila upande wa mji, na ndani ya itale mna kwatzi, kitu kinachokwaruza chuma bila shida. Kwa hiyo nilichokuwa napaka kwa nia ya kutunza randa, kikichanganyika na vumbi, kinakuwa dawa ya kusagia. Kipo kwenye skrubu ya kurekebishia kisu, kipo chini ya kibanio kinachokandamiza kisu, na kipo kwenye uso wa chini ambao ndio unaopaswa kuwa laini kuliko sehemu nyingine zote.

Basi ninachotaka kimekaa hivi. Kabati lifungwe vizuri dhidi ya vumbi. Mafuta yaondoke, au yabaki tone moja pale tu yanapohitajika. Likae ukutani, kwa sababu kitu chochote cha mbao kinachogusa sakafu ya banda langu mchwa wanakihesabu kuwa chao. Na randa ifikiwe kwa mkono mmoja nikiwa nimesimama benchini, maana randa ya kufungulia sanduku na kufunulia vitambaa mtu haitumii, anachukua msasa.

Juni, wiki inayofuata. Vipimo

Nimezipanga zote sakafuni juu ya gunia nikazipima. Za chuma ni nne: namba 7 yenye urefu wa sentimita 56, namba 5 ya sentimita 35 na nusu, namba 4 ya sentimita 25, na ile ndogo ya mkono mmoja ya sentimita 15. Za mbao ni mbili: ndefu ya sentimita 43 na fupi ya kulainishia. Namba 7 peke yake ina kilo 3.7. Namba 5 inazidi kilo mbili kidogo, namba 4 haifiki mbili. Zote sita kwenye mizani hazifikishi kilo 13, ambazo si nyingi kwa ukuta, ila si za kutundika kwenye msumari.

Namba hizi zina manufaa makubwa kwa mtu anayepanga kabati. Kampuni ya Stanley ya Marekani ilinunua hataza za Leonard Bailey mwaka 1869, na mpangilio wake wa namba ukashika duniani. Kampuni ya Record ya Sheffield, Uingereza, walipoanza kutengeneza randa mwaka 1931 walifuata vipimo vilevile, wakaongeza sifuri mbele tu: 04, 05, 07. Hata zinazotoka India na China leo nyingi zinafuata umbo hilohilo. Kwa hiyo ukipima nafasi ya namba 5 leo, namba 5 utakayoiokota mnadani mwaka kesho itaingia. Upana wa mwili kwa namba 4 na 5 ni kama milimita 63. Namba 6 na 7 zinakaribia milimita 75. Nimeamua kila chumba kiwe na milimita 10 za ziada ili vidole vipite.

Kimo cha randa ya chuma, kutoka uso wa chini hadi ncha ya mpini, ni kama sentimita 14. Hiki ndicho kipimo kinacholeta shida, nitaeleza.

Juni, bado. Ukuta gani

Ukuta wa magharibi hapana. Kuanzia saa nane mchana unakuwa wa moto, na jua hilo likipiga ukuta miezi minane mfululizo, mbao za kabati zitapindana na randa za mbao zitapasuka mashavu, yaani kuta zake za pembeni. Wa mashariki ndio wenye mlango. Wa kaskazini una dirisha. Umebaki ule tunaochangia na nyumba, ukuta wa ndani, hauna jua wala mvua ya upande. Upo nyuma yangu nikiwa benchini. Nikigeuka hatua moja nimefika.

Tatizo ni kwamba kati ya benchi na ukuta huo ndiyo njia yangu ya kupita na mbao ndefu. Nikitoa kabati zaidi ya sentimita 35 kutoka ukutani nitalipiga bega kila siku. Kwa hiyo kina cha kabati kisizidi hapo, mlango ukiwemo.

Julai, mwanzoni. Jaribio la kuegemeza

Nimechukua plaiwudi chakavu, nikapigilia kizingiti cha chini upana wa sentimita 15, nikaiegemeza ukutani na kuanza kusimamisha randa juu yake, kisigino (mwisho wa nyuma) chini na pua (mwisho wa mbele) juu, uso wa chini ukiwa umelala kwenye ubao. Ndivyo makabati mengi ya randa yalivyo: ubao uliolala kidogo, na vigawanyo kati ya randa na randa. Swali lilikuwa moja tu: ulale kiasi gani? Ukilala sana, kina kinakuwa kikubwa. Ukisimama sana, randa zinakuja mbele.

Kwa nyuzi 10 kutoka kwenye timazi, yaani kutoka wima, namba 7 ilikaa kimya. Namba 5 ilisimama, nikagonga ubao kwa kiganja ikaja mbele, nikaidaka. Namba 4 haikukubali hata kusimama. Nilidhani itakuwa kinyume, kwamba nzito na ndefu ndiyo itakayosumbua.

Nikakaa kitako nikaziangalia. Uzito wa randa ya chuma hauko kwenye uso wa chini. Uko sentimita tatu na zaidi mbele yake, kwenye kisu, kibanio na mpini. Kisigino nacho, tofauti na kinavyoonekana kwa mbali, ni ukingo mwembamba: pale mwisho mwili wa randa unashuka hadi unene wa milimita chache tu. Kwa hiyo randa inasimama kwa kukanyaga ukingo huo, na uzito unaning'inia mbele. Ili isianguke, lazima ilale nyuma kiasi cha kurudisha uzito juu ya kisigino. Randa ndefu ina uzito wake juu, mbali na kisigino, hivyo ikilala kidogo tu uzito unarudi nyuma sana. Fupi inahitaji kulala zaidi kupata faida ileile.

Kwa nyuzi 15: namba 7 na namba 5 imara, hata nilipoupiga mlango wa banda kwa nguvu. Namba 4 ilisimama lakini nikigonga ubao ilikuja. Ile ndogo ya mkono mmoja ilidondoka moja kwa moja. Kwa nyuzi 20 zote zilitulia.

Randa za mbao ni hadithi nyingine. Kisigino chake ni gogo zima lililokatwa mraba, kwa hiyo ile ndefu ilisimama hata ubao ulipokuwa wima kabisa. Waliozichonga hawakuhitaji kufanya hesabu hizi.

Sasa hesabu ya kina. Ubao wa sentimita 62 ukilala nyuzi 20 unatoka mbele sentimita 21 pale chini. Ongeza kimo cha randa, kama 13 ukipima mlalo, unafika 34 kabla hujaweka ubao wa nyuma na mlango. Nimepita. Kwa nyuzi 15 unatoka sentimita 16. Jumla na kimo ni 29 na kitu. Hapo kuna nafasi ya plaiwudi na mlango.

Uamuzi: ubao wa kulala uwe nyuzi 15 na upokee ndefu tu. Fupi zipande juu kwenye rafu bapa, zilale kwa uso wake wa chini, pua ikielekea ukutani na mpini ukinielekea mimi. Rafu yenye kina cha sentimita 29 inapokea namba 4 ya sentimita 25 bila kubana. Nimefurahi kuliko inavyostahili plaiwudi chakavu na kizingiti kimoja.

Julai. Mbao

Nimekwenda kwa fundi wa milango anayefanya kazi barabara ya pili kutoka kwangu. Ni mzee, karakana yake imejaa maranda hadi magotini.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Umekuja kuchagua makombo tena?”

Nimekuja kuchagua makombo. Vipande vyake vya mninga vinavyobaki kwenye fremu za milango ni vifupi kwake, kwangu ni mali. Mninga unanifaa kwa sababu mbili. Unasinyaa na kuvimba kidogo sana kulinganisha na mbao nyingi, na hapa ambapo Machi na Septemba ni kama nchi mbili tofauti, jambo hilo si dogo. Mlango wa kabati uliokaa sawa wakati wa masika utakaa sawa kiangazi. Na moyo wake mchwa hawaupendi. Nasema moyo, sehemu ya kahawia. Ile ya nje yenye rangi ya manjano hafifu inaliwa na wadudu kama mbao nyingine, kwa hiyo nimevikagua vipande kimoja kimoja nikaacha vyote vyenye ukingo mweupe.

Aliponiuliza ni vya nini nikamweleza, akaniambia: “Mwanangu, hizo randa paka mafuta ya alizeti. Si yamejaa Dodoma hii?” Nikamwomba anionyeshe msumeno wake ulioning'inia nyuma ya mlango. Alikuwa ameupaka hayohayo. Rangi ya dhahabu iliyoganda, ukigusa inanata, na vumbi la mbao limejishika humo kama msasa. Mafuta ya kupikia ya namna ile yakikaa hewani yanaganda taratibu yanakuwa gundi. Ameucheka msumeno wake mwenyewe, akasema basi yeye ataendelea nayo kwenye mchicha.

Nilikuwa na mabaki ya paina mbili kwa nne kutoka kwenye kenchi ya nyumba, zile zilizotiwa dawa ya kijani. Zinavutia kwa sababu ni za bure na mchwa hawazigusi. Nimeziacha. Dawa ile ina shaba, na shaba ikikutana na chuma na unyevu kidogo inaharakisha kutu. Kwa paa ni sawa, kwa kulaza kisu cha randa juu yake hapana. Kwa sababu ya namna hiyo hakutakuwa na sponji wala ngozi ndani ya kabati, ingawa inapendeza kuona randa imelala kwenye kitu laini. Sponji inashika unyevu wa Machi na kuukumbatia, na ngozi nyingi zimetengenezwa kwa dawa za magome ambazo zinachora chuma.

Ubao wa nyuma na wa kulala ni plaiwudi ya milimita 12, ya dukani. Hiyo ndiyo iliyokula pesa.

Julai, mwishoni. Kujenga sanduku

Hapa sina mengi. Pande nne za mninga unene wa milimita 18, viungo vya kuingiza kwenye mifereji, gundi na skrubu. Kuna wanaoona kabati la randa ni mahali pa kuonyeshea viungo vya mkia wa njiwa. Mimi nitaviweka kwenye kitu kitakachokaa sebuleni. Mninga umepigwa randa kwa namba 5 kisha namba 4, na vumbi lake limenikohoza kama kawaida. Barakoa ni lazima, hasa ukifika kwenye msasa.

Vigawanyo kati ya randa na randa sijavigundisha. Vimekaa kwenye mifereji myembamba, vinatoka na kurudi kwa mkono. Randa zinabadilika, mtu anauza moja na kupata nyingine.

Agosti. Vipande vya chini ya pua

Shuleni tulifundishwa kulaza randa kwa ubavu ili kisu kisiguse meza. Kwa meza iliyojaa misumari na mchanga nakubali. Kwenye ubao safi wa mbao sioni faida: randa ikilala ubavu, kisu kipo nje kinangoja kugongwa na zana nyingine, na pengine wenzo wa kunyooshea kisu unasukumwa. Kabatini kila randa inakaa kwa uso wake wa chini, ila nimeinua pua kidogo ili mdomo wa randa, tundu linalotokea kisu, uwe hewani na kisu kisiguse kitu. Kwa njia hiyo sina haja ya kurudisha kisu ndani kila jioni na kukitafuta tena asubuhi.

Kinachoinua ni kipande cha mninga unene wa milimita 3, upana wa sentimita mbili, kilichogundishwa mahali pua ya kila randa inapofika. Kipande hicho kina tatizo lake dogo: kwenye ubao wa kulala kinaisimamisha randa. Milimita 3 chini ya pua ya namba 5 zinaondoa karibu nusu ya nyuzi moja, hakuna anayejali. Kwa ile ndogo ya sentimita 15 zingeondoa nyuzi moja na zaidi. Sababu nyingine ya fupi kukaa kwenye rafu bapa.

Randa za mbao zimepata utaratibu wake. Kisu chake kinashikwa na kabari, na mwili wa mbao ukikauka unasinyaa upana lakini kisu cha chuma hakisinyai. Ukiacha kabari imekazwa mwezi mzima wa Septemba, mashavu ya randa ndiyo yanayolipa. Ile ndefu ilipofika kutoka Tanga kisu kilikuwa kinapita kwa ulaini. Sasa hivi kinagusa kuta zote mbili. Nimepunguza kuta za ndani kwa patasi, ufa wa karatasi kila upande, na kuanzia sasa randa za mbao zinaingia kabatini kabari ikiwa imelegezwa kwa pigo moja dogo la nyundo kisiginoni.

Agosti, katikati. Kuondoa mafuta

Jumamosi nzima imekwisha kwa kusafisha. Kila randa ya chuma imefunguliwa skrubu kwa skrubu, imepanguswa kwa kitambaa chenye tapentaini hadi kitambaa kikatoka cheupe. Namba 7 ilitoa tope ambalo sikulitarajia nyuma ya kipande kinachoshikilia kisu. Nyuzi za skrubu ya kurekebishia nimezisugua kwa mswaki mkavu kisha tone moja la mafuta ya cherehani, basi.

Badala ya mafuta: nta. Nilinunua nta ya nyuki ya Singida, nikaijaribu na mshumaa wa kawaida. Nta ya nyuki inashika vizuri lakini ni ya kunata. Kwenye uso wa chini randa ilikuwa nzito kusukuma kuliko ilivyokuwa. Mshumaa unateleza. Kwa hiyo mshumaa kwenye uso wa chini, michoro miwili mitatu tu, halafu kitambaa. Ubavuni na juu, nta ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini, inapakwa kiasi cha kutoonekana na kusuguliwa hadi kidole kikipita hakiachi alama. Ikiachwa nene inakamata vumbi na tunarudi kulekule kwenye mafuta.

Jasho nalo lina chumvi. Alama ya kidole kwenye chuma safi inaweza kuota kutu hata huku kwetu, hasa kuanzia Desemba. Kitambaa kikavu kimetundikwa kwenye msumari ndani ya mlango wa kabati, na kila randa inapanguswa kabla ya kurudi. Mke wangu anasema sijawahi kupangusa sahani kwa bidii hiyo.

Agosti, mwishoni. Ukutani

Kabati linaning'inia kwa mbao mbili zilizokatwa mshazari wa nyuzi 45: moja imefungwa ukutani, makali yake yakitazama juu, nyingine nyuma ya kabati ikitazama chini. Moja inaingia juu ya nyingine na uzito wenyewe unaibana ukutani. Chini, nyuma ya kabati, kuna kipande cha unene uleule ili kabati lisilale.

Nimeuchagua mtindo huu hasa kwa ajili ya ule mwanya unaobaki nyuma, kama sentimita mbili. Mchwa hawapandi ukuta wakiwa wazi. Wanajenga njia yao ya udongo. Kabati likiwa limegandamana na ukuta, utagundua siku rafu itakapobonyea. Likiwa na mwanya, unamulika tochi ukiwa unafagia, na ukiona mstari wa udongo unaupangusa na kutafuta unakotoka. Na siku nikitaka kupaka chokaa, kabati linanyanyuliwa na kushuka.

Tofali za banda hili zilipigwa na mtu aliyeona huruma na saruji. Ukitoboa kwa keekee, fisha ndogo inazunguka tu ndani. Nimetumia fisha za milimita 10 na skrubu ndefu, sita, zikiwa katikati ya tofali na mbali na maungio. Kabla ya kupandisha kabati nimefunga kamba kwenye mbao ya ukutani nikaning'iniza mfuko mzima wa saruji, kilo 50, ukalala hapo hadi asubuhi. Kabati pamoja na randa zake ni kama kilo 30. Asubuhi nimepitisha wembe kati ya mbao na ukuta, haukuingia.

Septemba. Mlango na vumbi

Mlango mmoja, fremu ya mninga na plaiwudi ya milimita 6 katikati. Nilifikiria kioo ili randa zionekane, nikakumbuka nina watoto wawili na mpira mmoja. Komeo liko juu, mbali na mikono yao.

Kupima vumbi nilitumia vigae viwili vyeusi vilivyobaki bafuni. Kimoja juu ya benchi, kimoja ndani ya kabati kwenye kizingiti cha chini, siku za upepo mkali. Kigae cha benchini kilikuwa chekundu jioni ileile, unaweza kuandika jina lako. Cha kabatini kilikuwa safi isipokuwa mstari mwembamba mbele kabisa, sambamba na ukingo wa chini wa mlango. Pembeni na juu hakuna kitu. Nadhani upepo ukiingia kwa mlango wa banda unapiga ukuta huu na kupanda, kwa hiyo ufa wa chini ndio unaonyonya.

Nimeongeza ubao mwembamba unaofunika ufa ule kwa mbele, umefungwa kwenye mlango wenyewe na kushuka milimita 12 chini ya ukingo, na ndani yake ukanda wa mpira unaouzwa kwa ajili ya milango ya alumini. Sikuweka mpira pande nyingine, ingawa ulibaki. Sitaki kabati lisilopumua kabisa. Machi bati likitoa jasho usiku, hewa iliyofungiwa na chuma baridi si marafiki. Kigae kilichofuata kimetoka cheusi.

Septemba, mwishoni. Matumizi

Kuanzia kugeuka hadi randa kuwa mkononi ni mwendo mmoja sasa. Namba 5 naitoa kwa mpini wake, inanyanyuka kidogo kwenye kizingiti na kuja. Namba 7 inataka mikono miwili, na nimeihamishia chumba cha kulia kabisa, upande wa bawaba ukiwa kushoto, ili nisiipitishe mbele ya nyingine. Ile ndogo ya mkono mmoja inatumika mara nyingi kuliko zote na nimeona siirudishi kila mara, inabaki benchini mchana kutwa. Nimeiwekea kipande chake cha mninga pale benchini pia, inalala hapo mpaka jioni.

Msasa natumia kidogo. Hili sikulipanga lakini naliona kwenye sakafu: maranda mengi, vumbi kidogo.

Kilichobaki ni mtihani wa mvua. Nitakagua visu na pembe za ndani mwishoni mwa Januari na tena Machi, na tochi nyuma ya kabati kila ninapofagia. Nikiona doa la kutu, kwanza nitatazama kama liko mahali pa vidole au kila mahali, maana dawa zake ni mbili tofauti: la vidole ni la kitambaa, la kila mahali ni la hewa, na hapo nitatoboa matundu mawili juu ya ubao wa nyuma na kuyafunika kwa wavu wa mbu.

Chumba kimoja kwenye ubao wa kulala bado hakina mwenyewe. Nimekiachia milimita 85, upana wa namba 6 na nafasi ya vidole, na kipande cha pua hakijagundishwa. Kitaenda pale pua ya mgeni itakapofika.